Kilichomo Kwenye Kopo

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, tena nina mimba ya miezi miwili. Mwenzangu yuko safarini na lori, kwa hiyo nyumba nzima ni mimi na redio.

Mkunga aliniambia nibebe kila ninachojipaka na kila ninachosafishia nyumba. Nikaenda na kikapu kama ninayehama. Sabuni ya kipande akaipitisha. Dawa ya choo akasema nifungue dirisha, nivae glavu, nisiichanganye na nyingine. Krimu ya chunusi akaiweka pembeni. Halafu akashika kopo la krimu yako, akauliza ndani mna nini. Nikamwambia anatengeneza mama yangu. Akasema hilo si jibu.

Mna nini, Mama? Nimeacha kujipaka, ila kila asubuhi nafungua kifuniko ninuse. Ndiyo harufu yako.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umesahau kuuma tangu nisome habari yako. Nitaitwa bibi, na meno yangu yote ninayo!

Ila huyo mkunga asinipande kichwani. Miaka ishirini wanawake wanaingia saluni kwangu wamefubaa, wanatoka wanang'aa, na hakuna aliyelalamika. Siri ya kazi haiandikwi kwenye karatasi. Nakutumia kopo lingine, kubwa zaidi.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Kopo limefika, sijalifungua. Mkunga anataka kujua ule unga unaoutia mwisho, ukiwa umefunga mlango.

Najua nimekuudhi. Kasirika, lakini andika. Hapa sina mwingine wa kumwita.

Mwanao

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Siku zinapita, hujanijibu. Jana mtoto alicheza mara ya kwanza. Nikageuka nimwambie mtu, nikakuta kiti.

Sitauliza tena habari za unga. Niambie tu kama mgongo unauma.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na zile zote nilizokunyima. Mgongo upo.

Nilinyamaza kwa sababu jibu sikuwa nalo. Ule unga nauziwa umefungwa kwenye gazeti. Nilipomuuliza muuzaji ni kitu gani, alisema, "Wewe tia tu, mama." Niliona aibu, nikaupeleka kwa mfamasia. Una zebaki, mwanangu, ni sumu. Usifungue kopo tena, hata kunusa. Yafunge yote mawili kwenye mfuko, umpelekee mkunga, umtajie jina hilo, akupime.

Meza ya krimu nimeifunga. Wateja nimewapitia nyumba kwa nyumba kuwaambia. Wengine walinicheka.

Wewe ulizaliwa kabla sijaanza kuchanganya. Wale watatu waliokufuata, ambao hawakufika, niliwabeba huku nakoroga kwa mikono mitupu. Mfamasia anasema sasa hakuna anayeweza kujua. Nimekaa na neno hilo peke yangu wiki sita, kalamu ikawa nzito.

Nakutumia kitambaa cha kichwa, kipya. Nimekivaa wiki nzima, sikukifua. Siku hizi najipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwa hiyo harufu iliyomo ni yangu mwenyewe. Huenda usiitambue mwanzoni.

Mama yako