Sikio ya Karuba inalia ngiii

Leo ni siku ya tano ya juma. Ukungu imekaa juu ya milima tangu asubui, na miye pia niko vile.

Sikusoma, lakini masikio yangu ingeweza kupata diplome. Masasi ikilia upande ya Ngungu, nilikuwa nasema ni bunduki gani, iko mbali namna gani, na kama ule anayepiga amekula ao ana njaa. Watu ya kijiji yetu Karuba walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wananifwata. Nikisema tulime, wanalima. Nikisema tukimbie, tunabeba watoto na sufuria, tunaenda.

Sasa mu masikio iko ngiii. Haikatikake. Ni kama nyenje moja imejenga nyumba mule na haitaki kuhama.

Munganga aliniangalia, akasema dawa ya kuiondoa haiko. Nisitie mafuta, nisichokore na kijiti. Kimya njo inaipa nguvu, basi nikilala niache radio mahali hakuna station, ilie polepole, shhh, kama mvula ndogo.

Inasaidia kweli. Nalalaka kama mutoto.

Lakini leo mu shamba ya maharagi, jirani yetu Mama Esperance alisimamisha jembe.

"Papa Furaha, ile iko karibu ao mbali?"

Ile nini? Miye nilisikia ngiii tu.

"Mbali sana, mama. Ile risasi itachoka mu njia, itaomba maji ya kunywa!"

Wote walicheka. Wakarudia kulima, na watoto wao pembeni.

Nilidanganya.

Hakuna mubaya aliyekuja. Lakini nilirudi nyumbani, nikaambia bibi yangu, Mama Furaha, kama masasi sisikie tena. Hakushituka hata.

"Najua, muzee. Miye nilisikia, ilikuwa mbali. Ingekuwa karibu, ningekuvuta shati."

"Tangu lini unasikia pa nafasi yangu?"

"Tangu ile radio. Wewe unalala na shhh yako. Muntu moja lazima akeshe."

Kumbe njo maana anasinziaka mu kanisa. Na miye namuchekaka mbele ya watu, namwita mama mwenye mahubiri ya padiri inamulalisha.

Na siku sikio yake pia itaanza kulia, tutauliza nani?

Kesho nitasimama mu shamba, niseme: musiniulize tena, muulize Mama Furaha. Watacheka. Watafikiri ni mchezo yangu ya kila siku.

Nitarudilia mpaka waache kucheka.