Figo Niliyotaka Kukupa

Dada yangu Somoe,

Majibu ya kipimo changu cha juzi ulipaswa kuyasikia wewe kwanza. Mambo yangu yote uliyajua wewe kwanza, tangu tukiwa wadogo kijijini Mpapura. Unakumbuka siku nilipong'ata korosho mbichi, utomvu wake ukaniunguza midomo? Mama alipokuja juu ulisema wewe ndiye uliyenipa. Ukachapwa. Nilipokuuliza kwa nini umesema uongo, ulinijibu, "Wewe umeshaungua. Inatosha."

Ndiyo maana figo zako ziliposhindwa kwa sababu ya presha, sikungoja kuombwa. Nilikuwa nikikusindikiza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, nawe ukiwa umefungwa kwenye ile mipira unanihimiza niwahi kufundisha kipindi changu shuleni Ufukoni. Siku niliyokuambia nitakupa figo yangu moja, ulifumba macho mpaka nesi akadhani umesinzia. Kisha ukasema, "Kamuulize kwanza mumeo." Hamisi alikubali kabla sijamaliza kusema.

Tukaenda Dar es Salaam kupimwa. Damu zetu zilipatana, ikabaki picha ya tumbo tu. Daktari akaniita peke yangu. Kwenye figo yangu ya kushoto palikuwa na uvimbe, ukubwa wa ndimu changa.

"Huwezi tena kumpa mtu figo," alisema. "Na inaelekea ni saratani."

Nilichomjibu sikuwahi kukuambia. Nilimwambia aing'oe figo yote, akate uvimbe autupe, kitakachobaki ampe dada yangu. Alinitazama kwa huruma. "Mama, nikifanya hivyo nitawahatarisha wote wawili. Wewe bado unaihitaji." Akanieleza kwamba uvimbe mdogo kama ule unaweza kuondolewa wenyewe, figo ikabaki, na kwamba India wapo wataalamu wanaofanya hivyo kwa msaada wa roboti.

Nilipokuletea habari hizo, nilijua utalia. Hukulia. Ulinishika mkono ukasema, "Kumbe ugonjwa wangu ndio uliokupeleka kupimwa. Nenda kautoe. Mimi nitasubiri."

Ukoo ukachanga, tukaondoka mimi na Hamisi. Niliogopa sana hiyo mashine, dada. Daktari wa kule alituambia kupitia mkalimani kwamba haiamui chochote. Anayekata ni yeye. Angekaa pembeni ya chumba, macho kwenye kioo, akiendesha mikono myembamba ya chuma iliyopitishwa kwenye matundu madogo ubavuni mwangu. Angebana mshipa wa damu kwa dakika chache, akate uvimbe, aishone figo kabla haijaumia kwa kukosa damu. Wala hakunificha: damu ingeweza kuvuja, au ikabidi figo itolewe yote.

Nilipozinduka, neno langu la kwanza lilikuwa, "Imebaki?"

"Imebaki," akasema Hamisi.

"Mpigie dada."

Akasema mtandao mbovu. Kesho yake pia mtandao ulikuwa mbovu. Siku ya tano majibu ya kile kipande yakatoka: ilikuwa saratani kweli, lakini kingo zilikuwa safi, imetoka yote. Nilishangilia, nikaomba simu nikuambie mwenyewe. Hamisi akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kulia. Ulikuwa na siku tatu kaburini. Akaniambia ulimpigia mwenyewe siku niliyopasuliwa, pumzi ikikukatika, ukamwapisha: "Usimwambie mpaka aweze kuinuka."

Nilikukasirikia. Nilimkasirikia na yeye. Wanawake wengine walikuosha, wakakuvisha sanda, na mimi nilikuwa nchi ya watu najifunza kutembea kwenye ukumbi wa hospitali. Ulijipa haki ya kuamua ni maumivu gani ninayaweza, na hukuniachia nafasi ya kubishana nawe.

Juzi nilipigwa picha ya mwaka wa pili. Uvimbe haujarudi. Figo iliyokatwa inafanya kazi vizuri, na daktari amesema niendelee kuangaliwa kila mwaka. Walimu wenzangu walinikumbatia. Mimi nilijiona kama mtu aliyekula sahani ya mwenzake.

Ndipo nikaenda Mpapura. Tangu arobaini yako nilikuwa nakwepa macho ya mama. Nilimkuta anaanika makopa ya muhogo uani. Nikapiga magoti palepale.

"Mama, nisamehe. Nilikwenda kumpa Somoe figo, nikarudi nayo."

Aliacha muhogo, akainua blauzi yangu bila kuomba ruhusa, akapapasa makovu yale madogo, moja baada ya jingine, kwa vidole vyenye unga.

"Nilikuwa na mabinti wawili wagonjwa," akasema. "Mmoja Mungu amemchukua. Mwingine amenirudishia, naye ananikimbia. Sasa mimi nimebaki na nani?"

Nilivua viatu, nikashika ungo, tukaanika pamoja mpaka jua likapungua. Alipochoka alikaa karibu nami, akaniegemea ubavu uleule wa kushoto, akasinzia. Nilikaa bila kujigeuza, nikisikiliza pumzi zake.

Sijui kama nimekusamehe, dada. Ila nimeacha kukimbia. Kila Ijumaa nikitoka shule nitapanda gari la Mpapura.

Mungu akupanulie kaburi lako na kulitia nuru. Lala, Somoe. Mama ninaye mimi.

Mdogo wako