Mume wa Nani?

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Sisi tuko salama. Umekuwa shangazi: ni msichana, ana sauti ya dalali. Mama yake hajambo. Anayeumwa ni mimi, tena kichwa.

Unakumbuka ulivyonifundisha kumkanda mke wangu kiuno ili kumpunguzia uchungu wa kujifungua, kwa kiganja na taulo la moto. Kila jioni nikishafunga kibanda changu cha kunyolea tulifanya mazoezi, naye akitulia tuli. Nikavimba kichwa, nikajiona mkunga kabisa.

Siku ilipofika nilitoka wodini mara moja kutafuta maji ya moto. Niliporudi, kwenye kitanda cha karibu na mlango alikuwa amelala vilevile nilivyomwacha, uso ukutani, shuka hadi masikioni. Nikaweka taulo, nikabonyeza. Akasema hapohapo, nisiache. Dada, nilifurahi! Nikakanda mpaka jasho likanitoka, ndipo nikasikia sauti ya mke wangu kutoka kitanda cha dirishani, akimuuliza mkunga yule mwanamume ni mume wa nani.

Kumbe walimhamishia huko nilipokuwa nje, wakamlaza mwingine mahali pake. Nilitaka kutimua mbio, lakini yule mama hakuwa na mtu, uchungu umempanda, na ameung'ang'ania mkono wangu. Mke wangu akaniambia nimalize kwanza huko. Ilikuwa huruma au hasira? Mpaka leo sijui. Nilipomfikia alinisukuma, akajifungua ameshika chuma cha kitanda.

Nikadhani ananiadhibu. Jana nikamwomba msamaha, akacheka, kisha akalia. Alisema hawezi kabisa kuguswa kiuno; jioni zote zile alikuwa akijikaza tu, maana aliniona nina furaha. Aliponiona kwenye kitanda kile alimshukuru Mungu. Lakini yule mama aliposema hapohapo, roho ilimuuma, na bado inamuuma. Mikono yangu haitaki, wala hataki kuiona kwa mwingine.

Sasa dada, niombe radhi kwa lipi? Kwa kumkanda yule, au kwa kumkanda yeye? Nampenda, na simwelewi.

Msalimie sana shemeji. Mama mtoto naye anakusalimu. Anasema siku ukinifundisha jambo jingine, uanze kwa kumuuliza yeye.

Mdogo wako,
Kinyozi