Ulipandia Kuku au Ulipandia Kukaa?

Wifi yangu uliyeko Kisorya,

Simu yangu hupokei, na sikulaumu. Kwa hiyo nakuandikia wazi, wasome na wale niliowajaza maneno juu yako pale bombani. Nilikusema hadharani, haifai nikuombe radhi kwa kificho.

Unakumbuka ulivyofika hapa Butiama? Ndoa imevunjika, una begi moja na mfuko wa mbegu. Kaka yako alifurahi. Mimi, mkewe, nilitazama ule mfuko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikakupa jembe nikidhani utaenda kupalilia mihogo. Wewe ukaingia kwenye uzio wa kuku wangu, ukaanza kuchimba mashimo.

"Wanaungua jua hawa, wifi," ukasema. "Na mwewe anawaona kama wameandaliwa mezani."

Ni kweli uzio ulikuwa mtupu: nyavu kuukuu za dagaa pembeni, juu wazi, katikati vumbi. Lakini mimi sikuwa naangalia kuku, nilikuwa naangalia miguu yako. Ulihesabu hatua kutoka bandani mpaka kwenye mawe ya mpaka, ukarudi, ukahesabu tena. Nami jikoni nachambua dagaa wale wale mara tatu, jicho liko kwako.

Ungepanda mbaazi nisingesema kitu. Mbaazi ni mboga, misimu michache imekwisha. Ukapanda milusina, miti ya kudumu miaka, tena kwa mstari ulionyooka. Huku kwetu unajua ilivyo: aliyeazimwa kipande cha ardhi analima viazi, analima mihogo, lakini mti hapandi. Anayepanda mti anasema nimefika.

Nikakuuliza kwa sauti ya utani, "Wifi, miti ya kuku nayo inapandwa kwa mstari?"

"Kifaranga hajui kukata kona," ukanijibu bila kuinua kichwa. "Akiona mwewe anakimbiaga moja kwa moja. Inabidi kivuli kimfuate."

Jibu hilo lilinikera. Lilikuwa zuri mno, kama la mtu aliyejiandaa.

Kuanzia hapo kila ulichofanya nilikipa maana. Ukimwagia miche maji ya kuoshea vyombo, nasema huyu anajenga. Ukiuliza jua la saa tisa linapiga upande gani, nasema anatafuta pa kuweka dirisha. Ukicheka na kaka yako kwa lugha yenu ya nyumbani, ambayo mimi mpaka leo naishika nusu, ndiyo kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia akina mama bombani, nao wakaongeza chumvi.

Na bado tulikuwa tunakula pamoja, hilo ndilo linaloniuma. Jumapili ile baada ya kanisa tulikaa kwenye kivuli cha kwanza cha miti yako. Ilikuwa mifupi bado, ikabidi tuiname kama kuku wenyewe. Ulileta sato, kichwa ukaniachia mimi. Nikala, nikanyonya mpaka mfupa, huku nawaza kwamba unanihonga.

Halafu ile Jumamosi uliyokwenda mnadani Bunda. Kaka yako hakuwepo. Nilichukua panga nikakata mstari wote, usawa wa goti. Uliporudi ukaweka kapu chini, ukatazama. Nilisubiri tugombane, maneno nilishayapanga. Wewe ukaokota matawi, ukayaegemeza kwenye nyavu ili vifaranga wapate kivuli cha siku mbili tatu. Ukasema tu, "Ungeniambia, wifi." Wiki iliyofuata ukaenda Kisorya kuanika dagaa. Nilipohakikisha umepanda gari nilirudi nikahesabu kuku. Walikuwa wote. Nikahesabu tena.

Sasa sikiliza. Kumbe mlusina ukikatwa haufi. Mvua zimenyesha tangu uondoke, na ile miti imechipua kutoka chini, imefungamana, sasa ni vichaka kweli kweli. Juzi mchana mwewe alishuka. Kuku mama akalia mara moja, na vifaranga tisa wakanyooka kwenye mstari wako, hakuna aliyekata kona. Mwewe akatua juu ya banda, akakaa kidogo, akaondoka. Mimi nimesimama na jiwe mkononi, sina wa kumpiga.

Jioni nikamwambia kaka yako, "Kumbe alikuwa anapandia kuku kweli."

Akasema, "Alitakaga chumba kimoja pale. Nilimwambia akuombe wewe, maana uzio ni wako. Akasema anasubiri kwanza mzoeane."

Kwa hiyo nilihisi sawasawa, wifi. Ulitaka kukaa. Siku zote najisifu kwamba mimi sidanganyiki, na kweli hukunidanganya. Ila sikujiuliza hata mara moja: mtu asiye na pa kukaa akitaka pa kukaa, kosa lake ni nini? Niliona aibu. Nililia nikiokota mayai asubuhi. Kwa uso ule niliokuwa nakuonyesha usingeweza kuniomba kwa mdomo, ukaniomba kwa miti, nami nikakujibu kwa panga.

Basi nimepima. Kutoka kwenye mawe mpaka mlusina wa kwanza ni hatua kumi na moja kwa miguu yangu. Chumba kinaingia, na mlango unaweza kutazama mashariki, jua la saa tisa lisikusumbue. Hakuna mti utakaokatwa. Kaka yako ameshaanza kukusanya mawe ya msingi.

Najua huniamini. Ningekuwa wewe na mimi nisingeamini, ningesema huyu mwanamke leo anataka nini. Njoo basi na mashaka yako yote, upime mwenyewe kwa miguu yako.

Ni mimi wifi yako wa Butiama,
niliyeshika panga.