Vigingi Vyekundu vya Ziwani

Mdogo wangu Amani,

Hapa Kashojwa tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeuliza kwa nini kando ya ziwa hakujengwi. Mwaka jana niling'oa vigingi vyekundu kule, nikidhani ni vya viwanja vya kuuzwa. Kwenye mkutano wa kijiji, afisa mipango wa wilaya akalalamika:

“Hii vigingi ilionyesha mahali watu hawajengi. Sasa mpaka iko wapi? Watajenga mpaka kwa maji!”

Unajua nilivyo na haya. Nikasimama.

“Ni mimi, papa,” nikamwambia afisa. “Viko nyumbani.”

“Uyu mutoto hasemaka,” jirani akacheka, “kumbe ndiye mwizi!”

“Mashimo unakumbuka?” afisa akauliza.

“Yote.”

Kesho yake nilivirudisha, yeye akipima nyuma yangu. Ukirudi likizo kutoka Ruti, utaliona ziwa lote toka mlangoni kwetu. Ila mbuzi usimfunge kwenye kigingi chekundu.

Dada yako,
Neema