Gari la Kumfikisha Roswitha Lübeck

Reutlingen, tarehe 9 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Eckhard,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba jicho lako la kushoto halijafuata nyayo za lile la kulia lililopofuka. Mimi napumua, nakula, nasoma. Shemeji yangu Roswitha mpe salamu nyingi, umwulize kama nyonga bado inamwamsha alfajiri. Ni karibu miaka minne sasa tangu ajali yetu ya chini ya daraja, na najua bado hawezi kukaa kitini nusu saa bila kuuma midomo.

Uliniomba nikuchagulieni gari la kumfikisha kwa mama yake Lübeck, maana bibi ana miaka tisini na miwili na sauti ya bintiye kwenye simu haitambui tena. Ukaniomba niliendeshe mwenyewe hadi huko. Ulisema nimelipwa miaka thelathini na minane kukalia magari ya watu na kuyapima, sasa nilikalie moja bure kwa ajili ya mkeo. Nilicheka, nikakubali. Haya ndiyo majibu.

Gari nililolichagua ni lile dogo la kifahari la milango minne ulilolipenda kwenye picha. Muuzaji wa hapa aliniazima kwa siku mbili. Nikueleze jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: starehe si ulaini. Kiti laini humpokea mgonjwa kama mto, na baada ya dakika ishirini nyonga imezama na mgongo umepinda. Kiti chema kinakushika. Hiki kinashika, na sehemu ya mapaja inavutika mbele, jambo ambalo Roswitha atalishukuru kwa miguu yake mirefu. Injini ina nguvu ya kutosha kuyapita malori bila kumtupa mtu nyuma, na breki zinasimamisha taratibu. Kelele ya upepo ni ndogo hata kwenye kilomita mia na thelathini.

Sikupima peke yangu. Nilimwomba Traudl Häberle, mwenzangu wa zamani kazini, tufanye kama tulivyozoea: kila mmoja anaendesha njia ileile peke yake, anaandika alama kati ya moja na kumi, na hakuna anayezungumza mpaka karatasi zote ziwe mezani. Kumi haitolewi. Traudl husema kumi ni ya jeneza, huko ndani hakuna aliyewahi kulalamika. Siku ya kwanza tulipanda mlimani hadi Münsingen, kwenye ile barabara ya mawe. Kwa utulivu wa gari juu ya mawe sote tuliandika nane. Siku ya pili tukarudia, kwa sababu alama ya siku moja haiaminiki. Nikaandika nane tena.

Traudl aliitazama karatasi yangu huku kahawa yake ikipoa. Akaniuliza, mzee, una hakika? Nikamjibu kwamba nilikuwa kwenye kazi hii yeye akiwa bado anajifunza kuwasha gari. Ndipo akaniambia kwamba asubuhi ile alikuwa amejaza tairi upepo mpaka zikawa ngumu kama magogo. Unaikumbuka desturi hiyo, nilikusimulia zamani: sisi wapimaji hupimana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anaharibu kitu kidogo kwa siri aone kama mwenzake atakinasa. Yeye alikuwa ameandika nne. Akasema hata mkate uliokuwa mfukoni mwake ulijua kuna kasoro.

Alisema kwa utani, kisha akaacha utani. Akanivua kiatu palepale mezani, akanibana kidole gumba cha mguu kwa kucha zake, nami nikaendelea kumweleza habari za springi. Sikujua kama amenigusa.

Daktari amethibitisha. Kisukari kimeua mishipa ya fahamu ya miguu yote miwili, na mikono inafuata. Ile nane ya pili sikuipata barabarani. Niliitoa kichwani, kwa kujua gari kama lile linapaswa kuwaje.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo wa barua. Uliambiwa, na polisi wakaandika, kwamba siku ile chini ya daraja gari liliteleza kwenye barafu. Barafu ilikuwa majanini tu. Barabarani hapakuwa na hata chembe yake. Niliona lori limesimama mbele, nikaamini mguu wangu uko kwenye breki, nikakanyaga kwa nguvu zote. Gari likaenda mbele. Roswitha aliita jina langu mara moja. Nilipotazama chini, kiatu changu kilikuwa juu ya kanyagio la mafuta. Nilikiona, Eckhard, sikukihisi. Ganzi ilikuwa imeanza miezi mingi kabla, nikawa naificha, maana ilibaki miezi minane tu nistaafu, na mpimaji asiyehisi hana kazi.

Leseni yangu nimeirudisha jana. Gari linunueni, nane ya Traudl ni ya kweli, mradi tairi zijazwe kama kitabu kinavyosema. Simameni kila baada ya dakika arobaini. Traudl amekubali kuwaendesheni hadi Lübeck na kuwarudisha.

Kila mwaka, tarehe kumi na nne Novemba, siku ya ajali ile, Roswitha hunipigia simu. Huniambia nisijilaumu, kwamba barafu haina mwenyewe. Mara tatu nimempokea, mara tatu nimemshukuru. Tafadhali msomee barua hii kabla ya siku hiyo, ili mwaka huu akipiga, ajue anampigia nani.

Nawaombeeni safari njema, na bibi amtambue bintiye walau kwa mkono.

Mimi kaka yako,
Lothar