Simulizi ya Paskazia Kwenye Simu Yangu

Jumanne, 4 Februari 2025

Yotham sasa hivi tu amelisha kivuli chake uji. Kweli! Nimemkalisha karibu na ukuta, jua linaingia mlangoni, akaona lile jitu jeusi limekaa naye. Akachota kijiko, akalipelekea mdomoni. Ukuta wote umechafuka. Akanigeukia kama ananiuliza — mama, mbona hali? Nimeshindwa hata kumgombeza.

Nimempigia dada Paskazia kumwambia. Amecheka mpaka akasema acha, mtoto anaruka huku tumboni. Halafu akasema hiyo anaiiba, inaingia sehemu ya kumi na tisa. Nikamwambia chukua, Yotham hana neno.

Bado najivunia kuliandika hili: mimi ndiye msomaji wa kwanza wa simulizi yake, Mji Ulio Chini ya Chumvi. Kwenye kundi letu la simu kila mwandishi ana mwenzake anayemsomea kabla watu hawajasoma. Yeye ana mimi, mimi nina yeye. Humo binti aitwaye Nyemo anashuka chini ya mbuga ya Bahi, kwenye mji ambao watu wake hawana vivuli, kutafuta kivuli cha mama yake kilichoibwa. Anaongozwa na fisi asiyecheka. Nani mwingine angewaza fisi asiyecheka?

Mimi namletea simulizi yangu ya ng'ombe wenye mabawa. Shule niliishia la saba, yeye alifika kidato cha nne, lakini hajawahi kunidharau. Anasema tu: hapa umekimbia, rudi utembee.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya kusomeana. Kila Ijumaa sisi wa Kalamu za Nyika tunasoma kwa sauti kazi ya mwenzetu — siyo yako, ya mwenzako — unarekodi voisi, Zablon anaiweka kwenye ukurasa. Watu wanasikiliza huku wanasonga ugali. Zablon ndiye admini, anasoma chuo huko Chimwaga. Anatuita guys, hata sisi wenye watoto mgongoni.

Leo nimepangiwa joka la mzee Bartolomayo. Ni mlinzi, anaandika akiwa lindoni. Joka lina vichwa saba, kila kichwa kina jina na hasira zake. Nimevichanganya! Mzee kaniandikia: binti yangu, kichwa cha tatu hakiwezi kusema hayo, huyo ni bubu. Nikarudia yote.

Siyo simulizi nzuri sana. Sijui kama kuna atakayeinunua. Lakini kuna pahala joka linazeeka, vichwa vinaanza kusahauliana, kila kimoja kinamuuliza jirani yake wewe nani. Hapo nilisoma polepole. Nikamwandikia mzee kwamba hapo pamenishika. Amejibu kwa vile viganja vya kushukuru, vimejaa kioo kizima. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia.

Mume wangu Joshua karudi kutoka kazi ya vigae Mtumba na vumbi mpaka kwenye kope. Akauliza, leo umesoma zimwi la nani? Nikamwambia joka. Akasema afadhali joka, halina msimamizi.

Jumatatu, 17 Februari

Paskazia amejifungua. Miezi saba tu. Wa kike. Hakupumua.

Wamemzika leo.

Siwezi.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda Makole kumpa pole Paskazia. Yotham nimemwacha kwa jirani — hilo angalau nililifikiria.

Amelala, uso ukutani. Kanga imemfunika mpaka shingoni, na joto lile. Nikakaa kwenye mkeka na wanawake wa maombi. Nikamshika mguu. Hakuuondoa.

Mama mmoja mtu mzima akaniuliza, wewe ni ndugu? Nikasema shikamoo mama, mimi ni mwenzake wa kuandika. Akaguna. Akasema, ndiyo hayo. Mtu ana mimba anakaa anaita viumbe vya chini ya ardhi, unategemea nini? Mlango ukishafunguliwa, umefunguliwa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeelekeza njia.

Nilitaka kumjibu. Nje mwingine akaninong'oneza kwamba yule mama mwenyewe amezika watoto wake wawili. 

Paskazia alikuwa anasikia. Niliona mgongo wake unavyosikia.

Ijumaa, 21 Februari

Kundini wamejadili mchana kutwa. Bartolomayo anasema mwandishi akifiwa tukae kimya, tusiweke chochote. Zablon anasema hapana, guys, tumsomee kazi yake, ajue bado tupo. Wengi wakakubali. Nami nilikubali. Nilitaka ajue kwamba yale aliyoyatunga si mlango wa kitu chochote kibaya, ni mazuri tu, watu wanayapenda.

Wakasema asome msomaji wake wa kwanza. Nikaisoma sehemu ya kumi na tisa, ile ya kivuli na uji. Nimekaa uani na ungo wa karanga miguuni.   Nimemtumia Zablon bila kurudia kuisikiliza, maana ningelia.

Naomba imfikie vizuri.

Jumamosi, 22 Februari

Paskazia ame-left, ametoka kundini.

Nimempigia, hapokei. Nimemuuliza Zablon kuna nini. Kachelewa kujibu. Halafu: dada, hebu isikilize mwenyewe.

Nimeisikiliza.

Nasoma pale mtoto wa ule mji anapokipelekea kivuli cha Nyemo kijiko ukutani — na nyuma ya sauti yangu yupo Yotham. Anacheka. Anacheka vile anavyocheka akimkimbiza kuku, kile kicheko cha tumboni. Halafu anaita, mama! Mama, ona! Safi kabisa, kama yupo mbele ya simu. Na mimi naendelea kusoma!

Sikumsikia. Nimeizoea sauti ile kama ninavyozoea kupumua. Na watu chini ya voisi wameandika: jamani hako katoto, wiki ijayo kawepo tena.

Siku ya nne baada ya kuzika, akiwa amelala na maziwa yamemjaa, nimempelekea kicheko cha mtoto wangu.

Zablon ameitoa. Itasaidia nini sasa.

Jumapili, 2 Machi

Ujumbe wa Paskazia. Nauandika kama ulivyo. "Nimefuta sehemu zote kwenye ukurasa wangu. Zablon naye amefuta. Zimebaki kwako tu. Futa zote, na zile tatu ambazo hazijatoka. Tafadhali Mama Yotham. Usiniulize."

Nimemwandikia samahani ya voisi ile. Amejibu: najua hukukusudia. Basi.

Kwa hiyo Nyemo, na fisi, na mji mzima, wako ndani ya hii simu yenye kioo kilichopasuka. Nikibonyeza, hawapo tena popote.

Nimemuuliza Joshua. Akauliza kwanza, kazi ni ya nani? Nikasema, yake. Akasema, basi ni yake. Akanawa mikono, akala, nikadhani yameisha. Halafu akasema, mimi nikiambiwa bomoa vigae nilivyopanga mwenyewe, nabomoa. Ila siku hiyo silali vizuri. Nikamwambia ndiyo nini sasa, nifute au nisifute? Akasema, mke wangu, mimi nimekuambia habari za vigae.

Sijajibu ujumbe. Sijafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda tena Makole. Nimemkuta kwenye cherehani, anashona sketi za shule. Amekonda. Kanikaribisha vizuri, hata chai kaniwekea. Nikadhani tutazungumza ya kawaida.

Akasema bila kuinua macho: Mama Yotham, nikuulize. Wewe unaandika ng'ombe wanaoruka angani, mizimu inawachunga, na mwanao mzima. Mimi je?

 Nikasema sijui dada. Nikasema, lakini siamini kwamba Mungu anaweza kuchukua mtoto kwa sababu ya fisi wa kutunga.

Akasema, unaamini hivyo kwa sababu wako yupo.

Cherehani ikaendelea. Mimi nikakaa na chai yangu. Kweli, yupo. 

Baadaye akauliza, umefuta? Nikasema bado. Nilidhani atakasirika. Akasema tu, basi Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja mwenyewe, nione kwa macho yangu.

Mumewe Ernest kanisindikiza mpaka barabarani. Mtu wa maneno machache. Akasema, shemeji, zamani nilikuwa nasinzia huku namsikia anajisemea maneno ya wale watu wake, anaigiza mpaka sauti ya fisi. Nilikuwa namwambia punguza kelele. Siku hizi anashona tu. Kanisani wanasema ameanza kupona.

Nimerudi nyumbani nimemshika Yotham paji la uso. Hana homa. Baada ya kuosha vyombo nimemshika tena. Hana. Ng'ombe wangu sijawagusa tangu mwezi uliopita, namwambia Zablon sina chaji. Siyo chaji. Ninaogopa. Nimeliandika, basi.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma yote tena, kuanzia sehemu ya kwanza, Yotham amelala mapajani. Kama ni kuaga, nimeaga.

Zile tatu za mwisho ndizo bora kuliko zote. Nyemo amefika kwenye nyumba vinapofungiwa vivuli. Yupo nje. Hapo ndipo inapoishia — alipoandika usiku ule kabla ya uchungu kumshika. Nilikuwa sijamrudishia maoni yangu. Ningemwambia: hapa hukukimbia hata kidogo.

Nimefikiria ujanja. Kumtumia Zablon atunze. Kumdanganya. Halafu nikawaza, mtu aliyenisomea kazi zangu kwa ukweli, nimfanyie wizi na kuuita upendo? Hapana. Akija nitamwambia moja tu, kwamba mimi nikiachiwa sifuti. Nitamwekea simu mkononi. Akitaka abonyeze yeye.

Nimeomba. Sijui nimeomba nini hasa.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja. Yupo uani sasa hivi. Naandika upesi.

Hakutaka kuingia ndani. Amekaa kwenye kigoda, kitambaa kichwani, mkoba magotini kama mtu aliyeko hospitali anasubiri kuitwa. Kamletea Yotham zabibu kwenye mfuko. Nilitaka kumpeleka mtoto kwa jirani, akasema mwache. Akasema hivyo tu. Mwache.

Nikamwambia yale niliyopanga. Kwamba sifuti, lakini hazitabaki bila ridhaa yake.   Akasema, lete simu.

Nimeingia kuichukua, ipo kwenye chaji. Yotham nimemwacha amesimama mbele yake, anamwangalia, mdomo umejaa zabibu. Nimeshika simu, niko karibu na dirisha, nikamsikia Yotham anadai kitu. Nadhani anataka mkoba. Anaanza kulia. Nikajua sasa Paskazia ataniita, hataweza kuvumilia kilio cha mtoto.

Hakuniita. Nasikia anamwambia nyamaza mjomba, nyamaza, nikuambie kitu. Unamjua Nyemo?

Nimekaa kitandani. Nimechukua kalamu.

Anamsimulia! Kwa sauti ndogo, kama anaficha. Nilidhani ni ile sehemu ya mwanzo, ya mama kupoteza kivuli. Siyo. Anasema Nyemo ameshika mlango wa ile nyumba. Fisi anamwambia usibishe, humu hawafungui. Nyemo akabisha.

Hii sijaisoma. Mimi nimesoma kila neno lake na hii haimo kwenye simu. Hii haipo popote!

Anasema, ndani kukawa kimya. Akabisha tena. Ndipo akasikia mtoto analia. Mchanga. Analia kwa nguvu, kwa hasira, kama aliyecheleweshewa maziwa. Fisi akasema hicho ni kivuli tu kinalia. Nyemo akamwambia, hata kama.

Hata kama! Yotham amenyamaza kabisa. Natamani nichungulie, naogopa atakatisha.

Sauti yake imepanda. Anafanya sauti ya fisi, nzito, ya puani. Nyemo ameweka bega mlangoni. Mlango ni wa chumvi, mgumu, unachoma ngozi. Anasukuma. Haufunguki. Anasukuma —

Kanyamaza. Ananiita. Mama Yotham! Hiyo simu umeifuata Bahi?

Nimeitikia nakuja. Amesema njoo upesi, lakini hapo hapo ameendelea, Yotham kamvuta sketi, anamwambia subiri mjomba, basi subiri, nakuambia — chumvi ikaanza kumomonyoka, na yule fisi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kucheka, aka

Ananiita tena. Nakuja dada, nakuja na sim